Mbu wa Bagamoyo na Haki ya Kusema Sitaki

Mwaka 2012 nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Dar es Salaam. Usiku mmoja umeme umekatika, tumekaa kwenye ngazi za bweni tunapunga upepo, jamaa wa chumba cha jirani akaleta habari: Bagamoyo wanatafutwa vijana wa kiume wenye afya njema, wanafunzi wa vyuo vya hapa mjini, wakachomwe malaria. Si kupimwa. Kuchomwa. Sindano yenye vimelea hai.

Mjadala ulikwenda mpaka saa saba usiku. Mmoja aliuliza posho ni kiasi gani. Mwingine, wa udaktari, akajaribu kueleza kwamba ugonjwa wenyewe unatibika na watu watakuwa chini ya uangalizi. Mimi ndiye niliyesema, "Wazungu wameishiwa panya." Watu wakacheka, na kwa kicheko kile nikajiona nimeshinda mjadala. Mwenzangu wa chumbani alikwenda kusikiliza maelezo, akarudi kimya, hakujiunga. Mimi hata kusikiliza sikwenda.

Baadaye sana, nikiwa tayari mwandishi wa habari, ndipo niliposoma kilichofanyika. Vijana 30 wa Kitanzania walikubali. Wengi walichomwa vimelea vilivyogandishwa na kusafirishwa kutoka Marekani, wachache wakachomwa maji ya chumvi ili kulinganisha. Karibu wote waliochomwa vimelea walipata maambukizi, kama ilivyotarajiwa, wote wakatibiwa, wakarudi kwenye masomo yao. Njia ile ya kumwambukiza mtu kwa makusudi na kwa ridhaa yake, kwa vimelea vya kwenye kichupa, ilikuwa haijawahi kufanyika Afrika kabla ya hapo. Ikafungua mlango wa kupima chanjo kwa watu wachache na kwa muda mfupi. Walioufungua ni wanafunzi, rika langu, wengine pengine nilipanda nao daladala moja.

Nimekuwa nikiufikiria usiku ule tangu nilipoanza kusoma historia ya wanafunzi wengine, wa mbali, ambao nao walikuwa wakihangaika na viumbe hai.

Januari 2003, katika chuo cha MIT kule Marekani, kikundi cha wanafunzi kilipewa kozi fupi ya ajabu: bunini bakteria atakayewaka na kuzima kama taa. Mwaka uliofuata kozi ikawa mashindano ya vyuo 5. Leo timu ni mamia, kutoka karibu kila bara, na mashindano yenyewe yanajulikana kwa jina la iGEM. Wanachoshindania kinaitwa baiolojia sanisi. Ukitaka maelezo ya kibarazani: ni kuchukua vipande vya DNA, kila kimoja na kazi yake, na kuviunganisha kama fundi anavyopanga matofali, ili kiumbe kidogo kifanye kitu ambacho hakikuumbwa nacho. Kunusa sumu kwenye maji, kwa mfano, au kutengeneza rangi, au dawa. Vipande hivyo hutunzwa kwenye ghala la pamoja, na timu ya leo inaweza kujengea juu ya kipande kilichoachwa na timu ya miaka 10 iliyopita.

Kilichonivutia zaidi ni kanuni moja yao. Kwa miaka mingi, timu iliyotaka medali ya fedha haikutosha kufanya kazi yake vizuri. Ilitakiwa pia iwashawishi waamuzi kwamba imeshirikiana kwa dhati na timu nyingine. Yaani unashindana na mtu, na wakati huohuo unapimwa kwa jinsi ulivyomsaidia. Msaada uliohesabika haukuwa picha ya pamoja na fulana zinazofanana. Ulikuwa kazi: mwenzako ametengeneza kipande, wewe unakijaribu mezani kwako, kwa mikono yako, unamwambia kama kinafanya kazi au hakifanyi. Mwaka 2016 timu ya chuo cha Imperial cha London ilitwaa tuzo kuu kwa upande wa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na mradi wao ulihusu jambo hilihili kwa lugha ya bakteria: namna ya kuwafanya bakteria wa aina tofauti waishi chupa moja bila mmoja kumzidi mwingine na kummaliza.

Timu za Afrika kwenye mashindano haya zimekuwa chache. Ada ya usajili peke yake ni maelfu ya dola, hujagusa nauli wala viza. Kwa hiyo ukiuliza wanafunzi wa Bagamoyo walishika nafasi ya ngapi, jibu utalijua mwenyewe. Lakini ukiuliza baiolojia ya namna hiyo imefika wapi kwenye pwani yetu, na ushirikiano wake umekuwaje, hapo kuna habari ndefu.

Bagamoyo ni mji wa mizigo. Sitarudia hadithi ya bwaga moyo, nyote mmeisikia. Nitasema tu kwamba kwa miaka mingi vitu vilifika hapa mabegani mwa watu, vikapakiwa majahazini, na jina likabaki kwa aliyepokea upande wa pili. Mwaka 1874 mwili wa Livingstone ulifika hapa kutoka bara ukiwa umebebwa na watu wake, Chuma na Susi wakiongoza. Alipozikwa London mwezi Aprili mwaka huo, Chuma na Susi hawakuwepo kaburini. Sayansi nayo ilikwenda njia hiyo kwa muda mrefu. Damu, mbu waliokaushwa na majani ya dawa vilitoka pwani. Majibu, yakija, yalikuja yameshaandikwa.

Ndiyo maana habari ya mbu wa Bagamoyo inastahili kusomwa polepole.

Taasisi ya Afya Ifakara ilianza 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi kule Ifakara, bonde la Kilombero. Baadaye ikawa taasisi ya Kitanzania, na tawi lake la Bagamoyo likakua pembeni ya hospitali ya wilaya. Humo kumejengwa maabara yenye ulinzi mkali, mlango ndani ya mlango, kwa ajili ya mbu waliobadilishwa jeni. Wanaoshirikiana ni Ifakara, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, na chuo kilekile cha Imperial.

Kazi yao ni hii. Mbu aina ya anofelesi akinyonya damu yenye malaria, vimelea hukua tumboni mwake kwa siku kadhaa kabla ya kufika kwenye mate yake na kuweza kumwambukiza mtu mwingine. Mbu haishi sana. Kwa hiyo ukivichelewesha vimelea vile hata kwa siku chache, mbu anakufa navyo. Wanasayansi walichukua vipande viwili vya kutengeneza protini ndogo zinazodhuru vimelea, kimoja asili yake sumu ya nyuki, kingine asili yake ngozi ya chura wa Afrika, wakavipachika ndani ya jeni za mbu, ili protini hizo zitoke tumboni mara anapokula damu. Nyuki, chura na mbu katika mwili mmoja. Bibi yangu angesema hiyo ni ngano, angesubiri sungura aingie.

Ubunifu ule ulifanyika kwanza London. Lakini mbu wenyewe hawakuletwa wametiwa kwenye sanduku. Walitengenezwa upya hapa, Tanzania, na watafiti wa hapa wakiwemo mezani, kisha wakajaribiwa kwa vimelea vilivyotoka kwenye damu ya watoto wa hapa walioumwa malaria ya kweli, si vimelea vilivyozoea kufugwa maabara kwa miongo. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2025 kwenye jarida la Nature: ukuaji wa vimelea ulizuiwa. Dickson Lwetoijera wa Ifakara ni miongoni mwa walioongoza kazi hiyo. Hapa ndipo nilipoikumbuka kanuni ya medali ya fedha. Kipande kimetengenezwa kwa mwenzako, wewe unakijenga tena kwenye meza yako, kwa mbu wako na vimelea vyako, unatoa hukumu.

Mpaka hapo ni habari njema, na ningependa kuishia hapo. Tatizo ni neno moja ambalo bado sijalieleza.

Katika kurithi kwa kawaida, jeni moja ya mzazi mmoja huenda kwa nusu ya watoto. Kipande kilichopachikwa kwa mbu kingepotea taratibu porini, kama tone la maziwa kwenye chungu cha maji. Ili kisipotee, kinawekewa kitu ambacho wengine wanakiita msukumo wa jeni: chombo kinachojinakili kwenye upande wa pili, ili karibu watoto wote wakirithi, na wajukuu, na vitukuu, mpaka jamii nzima ya mbu ibadilike. Kwenye majaribio ya Tanzania msukumo huo uligawanywa makusudi. Mbu mwenye vipande vya kinga hana injini ya kuvisambaza, injini iko kwa mbu mwingine, na hakuna hata mmoja aliyeachiwa nje. Lakini kazi yote inaelekea siku ambayo swali la kuwaachia litaulizwa.

Kwa pwani hii swali hilo si jipya kabisa. Miaka ya 1950 mtaalamu wa mbu, Gillies, alifanya kazi Muheza, Tanga. Aliwatia mbu alama, akawaachia, kisha akawasaka vijijini ili ajue wanaruka umbali gani na wanaishi siku ngapi. Mengi tunayoyajua kuhusu umri wa anofelesi yana mizizi Muheza. Walikuwa mbu waleule, walichoongezewa ni alama tu. Nikiisoma kazi ile ninachokosa ni sauti za wenye nyumba walikosakwa mbu hao. Naona nambari za mbu, sioni mama anayeuliza, "Mnamtafuta nani kwenye paa langu?"

Halafu ikaja Unguja. Kisiwa kilikuwa na ndorobo waliowaletea ng'ombe nagana. Kati ya 1994 na 1997 madume ya ndorobo yalizalishwa kwa wingi kwenye taasisi ya Tanga, yakapigwa mionzi yakawa tasa, yakarushwa kwa ndege juu ya misitu ya kisiwa. Zaidi ya milioni 8. Jike likipandwa na dume tasa halizai. Ndorobo wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina ndorobo. Huo nao ulikuwa ushirikiano: Zanzibar, Tanga, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Nimekutana na wafugaji wa Unguja wanaoukumbuka kwa furaha. Ila angalia tofauti. Dume tasa ukiacha kulirusha, mambo yanaisha. Halina mtoto. Mbu mwenye msukumo wa jeni ni kinyume chake kabisa. Kazi yake ni kuwa na watoto.

Mwezi uliopita nilipanda basi Makumbusho, nikapita Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, kwenda kumwona shangazi yangu Bagamoyo. Sikwenda kama mwandishi. Nilikwenda kwa sababu kila nikiandika kuhusu malaria namwona yeye.

Homa inapompanda mtoto mpaka akakakamaa na macho kugeuka, sisi wa pwani tunasema degedege. Wazee wengi waliamini ni dege, ndege wa usiku anayempitia mtoto, na kwamba mwenye degedege akichomwa sindano ndiyo basi tena. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliandika haya, kwa sababu imani hiyo iliwachelewesha watoto kufika hospitali. Mtoto wa pili wa shangazi alikufa kwa degedege 1997, ana miaka miwili. Mimi nilikuwa nimeanza shule. Nakumbuka moshi wa dawa chumbani na sauti ya mtu anasema, "Msimchome, msimchome."

Sasa, miaka 11 baadaye, mjini humohumo, sindano ikabadilisha maana. Mwaka 2008 matokeo ya watoto wachanga 340 wa Bagamoyo, utafiti ulioongozwa na Salim Abdulla, yalionyesha kwamba chanjo ya RTS,S ilikuwa salama kwao na ilipunguza maambukizi. Mei 2009 awamu kubwa ya mwisho ya majaribio ilianzia hapahapa Bagamoyo, ikaenea vituo 11 katika nchi 7, watoto zaidi ya 15,000. Chanjo ile nayo ni ya vipande: kipande cha protini ya kimelea cha malaria kimeunganishwa na kipande cha kirusi cha homa ya ini, na vyote vinazalishwa ndani ya hamira. Ndiyo, hamira, jamaa yuleyule wa maandazi. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Chanjo ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo, ilipendekezwa 2023.

Binti wa shangazi, ambaye kwangu ni dada, alikuwa na mtoto mchanga wakati ule. Watu wa utafiti walikuja nyumbani, wakamsomea karatasi kwa Kiswahili, wakamwambia anaweza kukataa na anaweza kujitoa siku yoyote. Alikaa nayo siku tatu. Shangazi, yuleyule wa moshi chumbani, ndiye aliyemwambia, "Mpeleke." Akasaini. Jirani yao alikataa, na maisha yakaendelea, hakuna aliyemfuatafuata.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umekonda. Hawakulishi huko Dar?"

Baada ya chai nikamweleza habari ya mbu. Nilikwama kwenye msukumo wa jeni. Nikaliacha neno, nikasema, shangazi, chukulia mirathi. Kawaida kila mtoto anapata fungu lake kwa baba na kwa mama. Sasa huyu ni mrithi anayejitwalia fungu lote, na mwanawe hivyohivyo, na mjukuu wake.

"Basi huyo dhalimu," akasema.

"Lakini anadhulumu malaria."

Akacheka, kisha akanyamaza, akikusanya vikombe. "Na mkimwachia, akiingia chumbani kwangu nitamjuaje?"

"Hutamjua. Anafanana na wenzake."

"Chanjo walimuuliza dada yako. Yule jirani akakataa, na mtoto wake hakuchomwa. Haya, huyo mbu, jirani akimkataa?"

Sikuwa na jibu. Mbu hasomi fomu ya ridhaa, na hatambui ukuta uliotenganisha nyumba ya aliyesaini na ya aliyekataa. Hata mipaka ya nchi haijui. Wale vijana 30 wa 2012 kila mmoja aliamua juu ya mwili wake. Mimi pia niliamua, ingawa kwa mzaha. Hapa anayeamua ni nani? Mtaa? Wilaya? Bunge? Na aliyeshindwa kura anafanyaje?

Wasiochukulia swali hili kwa uzito wakumbuke Burkina Faso. Huko mradi mwingine, Target Malaria, ulifanya kazi na vijiji kwa zaidi ya miaka 10, ukaachia mbu waliobadilishwa kwa mara ya kwanza 2019, mbu ambao hata msukumo wa jeni hawakuwa nao. Agosti 2025, siku chache baada ya kuachia wengine, serikali ikauamuru usimame. Kabla ya hapo vikundi vya kiraia vilikuwa vimepiga kelele, na tetesi za kila aina zilizagaa. Ukiniuliza, ule mzaha wangu wa panya uko ndani ya tetesi zile. Najua unavyochekesha, na najua unavyomwokoa mtu asiende kusikiliza.

Nimejifunza jambo kwa wale wanafunzi wa vipande vya DNA. Ushirikiano wao unahesabika kwa sababu timu ya pili ingeweza kusema hapana. Ingeweza kukijaribu kipande cha mwenzake na kutangaza kwamba hakifanyi kazi. Watafiti wa Tanzania wamefika hapo: wana maabara, wana mbu, wana sauti kwenye jarida. Lakini kwenye mashindano haya kuna timu ya tatu. Ni watoto waliotoa damu, mama zao, na wote watakaoumwa na mbu huyo kama ataachiwa. Timu hiyo haina maabara, na lugha ya majarida si lugha yake. Inahitaji kuelezwa kwa Kiswahili ambacho shangazi anaweza kubishana nacho, mapema, kabla uamuzi haujapikwa. Sisi waandishi tuna deni hapo. Neno la mirathi nililibuni jikoni kwa shangazi kwa sababu sikulikuta limeandikwa popote nilipotafuta.

Alinisindikiza mpaka barabarani, kama kawaida yake, na mfuko wa nanasi mkononi. Basi lilipokuwa linasogea nikamuuliza kwa utani niandike kwamba shangazi wa Bagamoyo amemkataa mbu.

"Usinisingizie," akasema. "Mimi nimezika mtoto. Sijasema sitaki. Nimesema niulizwe."